Hodi Pasipo na Mlango: Hadhira, Mwigizaji na Saa ya Kabla ya Onyesho

Uhusiano wa fanani na hadhira umejadiliwa kwa mapana katika uhakiki wa fasihi simulizi na wa tamthilia. Hata hivyo, mjadala huo karibu wote huanzia pale onyesho linapoanza na kukoma pale linapokoma. Saa inayotangulia, ambapo mwigizaji huvaa maleba, hujipaka masizi au poda usoni na kuyapitia maneno yake kwa sauti ya chini, haikupewa uzito unaoistahili. Yamkini wahakiki wamedhani kwamba mambo ya saa hiyo ni ya adabu ndogondogo tu, yasiyofaa kushughulisha akili za wanazuoni. Makala haya yanashikilia kinyume. Katika saa hiyo mna swali halisi la kimaadili, nalo ni hili: mtu aliyekuja kutazama ana haki gani juu ya mtu ambaye bado hajaanza kutazamwa?

Katika majumba makubwa ya London swali hili limejibiwa na waashi kabla ya kujibiwa na wanafalsafa. Mna mlango wa nyuma wa waigizaji, mna bawabu, na mashabiki wamezoea kusubiri nje mpaka onyesho limalizike. Mahali pa kulichunguza swali hili likiwa uchi ni pale ambapo mlango huo haupo. Kehancha, mji wa Wakuria katika Kaunti ya Migori karibu na mpaka wa Tanzania, ni mfano mzuri. Tamthilia hufika katika shule za upili za huko kama zinavyofika katika sehemu nyingi za Kenya: kwa makundi yanayosafiri yakiigiza vitabu teule vya mtihani wa KCSE. Kundi huwasili kwa gari la kukodi, likapewa darasa moja la kubadilishia nguo, na bwalo la chakula likageuzwa ukumbi. Darasa lina madirisha pande mbili. Kabla mwigizaji hajavua shati lake, nyuso zimekwisha kujaa dirishani.

Nyuso hizo zinataka nini? Si rahisi kuzilaumu. Kwa mwanafunzi aliyeisoma Kigogo ya Pauline Kea, tamthilia iliyotahiniwa kuanzia mwaka 2018, Majoka si mtu wa kubuni tu. Ni mtu aliyekaa naye miaka miwili, akamnukuu katika insha na kuhojiwa juu yake. Sasa anaambiwa kwamba Majoka yumo darasani, anakula mkate. Anaita: "Majoka! Majoka!" Kuita huko ni mapenzi, na pia ni ushahidi kwamba fasihi imefanya kazi yake. Lakini tukiutazama mwito huo kwa makini, tutaona kwamba unamfanyia mwigizaji mambo mawili kwa wakati mmoja. Unamnyang'anya jina alilopewa na wazazi wake, na unamdai awe mtu ambaye bado hajawa. Majoka aliyelifunga soko la Chapakazi atazaliwa baada ya nusu saa, mbele ya watu, kwa kazi ya mwili na pumzi. Anayemwita sasa anadai matunda ya shamba ambalo halijalimwa.

Ebrahim Hussein alikwisha kulionyesha jambo linalokaribiana na hili, ingawa kwa kiwango kikubwa zaidi, katika Kinjeketile (1969). Humo umma unamdai mtu aendelee kuwa sauti waliyoisikia ikitoka kinywani mwake, hata pale yeye mwenyewe anapoanza kuishuku. Msiba wa Kinjeketile ni kwamba hapati tena nafasi ya kuwa yeye. Kwa mwigizaji wa bwaloni mambo si makubwa kiasi hicho, wala hakuna vita vinavyomngoja nje. Lakini muundo wa dai ni ule ule: hadhira inamkana mtu kwa kumpenda mhusika.

Wapo watakaosema kwamba sifa haimdhuru mtu. Wahenga hawakukubaliana nao. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii hufasiriwa kwa kawaida kama onyo dhidi ya majivuno ya mgema, na walimu wengi huishia hapo. Lakini methali inamgusa msifu pia, kwa kuwa yeye ndiye aliyeianza safari ya tembo kwenda majini. Sifa inayotolewa kabla ya kazi si zawadi. Ni deni linaloandikwa bila idhini ya mdaiwa. Mwigizaji anayeambiwa, "Wewe ndiye tuliyekujia, wenzako hawawezi kitu," anaingia jukwaani akiwa na mzigo ambao tamthilia haikumpa, na wenzake wanaingia na jeraha. Methali ya pili inaonyesha wakati unaofaa: asifuye mvua imemnyea. Ushahidi wa msifu ni nguo zake zilizolowa. Anayeisifu mvua kukiwa na mawingu tu hana ushahidi wowote, na huenda lengo lake hasa ni kuonekana na watu kuwa anafahamiana na mawingu.

Hapa hatuna budi kukabiliana na pingamizi linalotokana na nadharia ya uigizaji. Denis Diderot, katika insha yake juu ya kitendawili cha mwigizaji iliyochapishwa mwaka 1830 baada ya kifo chake, alidai kwamba mwigizaji bora ni yule asiyehisi chochote. Hutoa machozi kwa ustadi, moyo wake ukiwa baridi. Ikiwa hivyo ndivyo, mazungumzo ya dirishani hayawezi kumdhuru. Afanyaye kazi kwa ustadi aweza kuzungumza na watu mpaka dakika ya mwisho, kama fundi cherehani anavyozungumza na wateja. Kwa upande mwingine wamo wafuasi wa Stanislavski, wanaoamini kwamba mwigizaji hujitayarisha ndani ya nafsi yake, na kwamba uzingativu wake ukivunjwa hauungiki upesi. Kwao, neno moja la dirishani laweza kuliharibu onyesho zima.

Inashawishi kulingoja jibu la mgogoro huu kabla ya kuamua juu ya adabu. Lakini huko ni kukosea njia. Shabiki aliyesimama dirishani hajui amemkuta mwigizaji wa aina gani. Yumkini ni mfuasi wa Diderot ambaye jina la Diderot hajapata kulisikia. Yumkini ni msichana anayeigiza kwa mara ya kwanza na ambaye mikono yake inatetemeka chini ya meza. Ujinga huo wa shabiki si udhuru wa kusema, bali ni sababu ya kunyamaza. Asiyejua kama kisima kina kina gani hamsukumi mwenzake ndani kwa hoja kwamba labda maji ni haba. Wajibu wa hadhira basi hautegemei saikolojia ya mwigizaji hata kidogo. Unategemea kwamba yeye peke yake ndiye aijuaye hali yake, na kwamba kwa wakati huo hawezi kuieleza bila kuivuruga.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, kwa sababu linatoka nyumbani. Linasema kwamba kumtenga mwigizaji na watu ni desturi ya kizungu, na kwamba sanaa za maonyesho za Kiafrika hazikuwa na pazia. Mtambaji wa hadithi huketi katikati ya wasikilizaji wake. Kule Kamiriithu mwaka 1977, mazoezi ya Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ yalifanyika hadharani. Wanakijiji walitazama, wakakosoa, wakawasahihisha waigizaji juu ya namna kazi za kiwandani na shambani zinavyofanywa hasa. Nani athubutu kusema kwamba watu wale walivunja adabu?

Hawakuvunja. Lakini walichoshiriki ni mazoezi, na katika mazoezi neno la mtazamaji huingia katika kazi na kuibadilisha. Mkulima aliyesema kwamba jembe halishikwi hivyo alikuwa mtunzi mwenza. Anayemvuta mwigizaji mkono dakika kumi kabla ya onyesho haongezi kitu katika tamthilia. Anachukua. Kuyaweka matendo haya mawili katika kapu moja kwa jina la ujumuiya ni kuupunguzia ujumuiya thamani yake.

Isitoshe, si kweli kwamba sanaa simulizi haina mpaka. Ina mpaka wa wakati mahali pa mpaka wa ukuta. Paukwa, pakawa: kabla ya maneno hayo bibi ni bibi, anaweza kuulizwa habari za mbuzi, baada ya maneno hayo ni mtambaji. Mpaka huo hujengwa na pande mbili, kwa kuwa bila kitikio cha hadhira hadithi haianzi. Mfano wa Wakuria wenyewe unafaa zaidi. Iritungu, zeze lao kubwa la nyuzi nane, halipigwi kabla ya kutengenezwa sauti, na kazi hiyo hufanywa mbele ya macho ya watu. Mpigaji huukaza uzi mmoja, akausikiliza, akaulegeza, akarudi kwa mwingine. Hana chumba cha kujificha. Kinachomhifadhi ni kwamba anatega sikio, na mtu anayetega sikio huonekana. Mwenye kuzungumza naye wakati huo hahitaji kuambiwa na yeyote kwamba amekosea, uzi utamwambia.

Taarabu nayo inatupa funzo la namna nyingine. Katika kumbi za Zanzibar, Tanga na Mombasa, shabiki humwendea mwimbaji waziwazi akamtunza fedha wakati wimbo unaendelea, na mara nyingi hatua zake zina ujumbe kwa mtu mwingine aliyeketi ukumbini. Kwa mtazamo wa bawabu wa London huo ungekuwa ufidhuli. Sivyo, kwa sababu kumwendea mwimbaji huko kumepewa mahali pake ndani ya utendaji wenyewe: mwimbaji anakutarajia, ala zinakuachia nafasi, watazamaji wanakusoma. Jambo la kutiliwa shaka ni lile la kumfuata mwimbaji pembeni kabla ya ngoma kuanza na kumnong'onezea kwamba wimbo fulani uimbwe ukimlenga fulani. Fedha ni zile zile, lakini sasa msanii anaombwa kuwa silaha, na anaombwa mahali ambapo hakuna shahidi wa kumsaidia kukataa.

Kukataa ndicho kiini cha suala lote. Utamaduni wa Waswahili umelitafakari jambo hili kwa neno moja dogo: hodi. Anayebisha hodi hutangaza kwamba yupo na papo hapo hukiri kwamba haki ya kufungua si yake. Desturi inasema abishe mara tatu, na asipojibiwa aondoke bila kinyongo. Kurani nayo, katika Surat An-Nur, inamwagiza anayeambiwa arudi kwamba arudi. Hodi isiyoweza kujibiwa kwa "la" si hodi. Ni amri iliyovaa kanzu. Na mwigizaji wa darasani hana "la". Yeye ni mgeni wa shule, amelishwa na shule, na analipwa kwa viingilio vya wale wale walioko dirishani. Akinyamaza ataitwa mwenye maringo. Katika jamii ambazo kumpita mtu bila kumsalimu ni dalili ya uadui, kumwomba mwigizaji anyamaze ni kumwomba avunje adabu moja ili aitunze nyingine.

Ugumu huzidi pale mwigizaji anapokuwa mtoto wa hapo hapo. Tuchukue mfano wa kubuni: kijana wa Bukira amerudi kwao na kundi lake, na mjomba wake, aliyetembea tangu alfajiri, anaingia darasani moja kwa moja. Huyu si shabiki. Kumwambia angoje ni kuutikisa ukoo mzima kwa ajili ya tamthilia ya saa mbili. Wapo wasomi watakaodai kwamba sanaa haina mjomba. Kauli hiyo ni ya mtu ambaye hajawahi kurudi kwao. Kijana hana njia ila kusimama na kusalimu, na afanye hivyo vizuri. Wajibu unahamia kwa mjomba. Haki ya kusalimiwa ni yake, na mwenye haki peke yake ndiye awezaye kuiahirisha. Akisema, "Maliza kwanza, mwanangu, tutaonana," hajapungukiwa na kitu.

Kwa wengine wote, desturi ina chombo ambacho hakihitaji ukuta, nacho ni mshenga. Katika posa, mshenga hutumwa ili jibu la kukataa lisiwakutanishe uso kwa uso wanaoweza kuaibishana. Mwalimu wa zamu, au kiongozi wa kundi, akisimama nje ya darasa akapokea salamu, karatasi za kutiwa sahihi na maombi ya picha, anafanya kazi hiyo hiyo. Mwanafunzi hajakataliwa na Majoka wake. Ameambiwa na mtu mwingine kwamba baada ya onyesho watazungumza. Ahadi hiyo ni lazima itimizwe. Kundi linaloondoka mbio kwenda shule ya pili, gari likiunguruma kabla makofi hayajaisha, limewadhulumu vijana waliokubali kusubiri, na msimu ujao hawatakubali tena.

Mshenga ana faida nyingine ambayo husemwa kwa nadra. Walioko dirishani ni watoto wa shule, na walioko ndani ni watu wazima wasiojulikana na wazazi wao. Si kila mwigizaji hutaka madirisha yafungwe, wala si kila anayetaka yawe wazi ana nia njema. Msichana wa kidato cha tatu anayeitwa ndani "aje amwone Tunu akijipamba" hayuko katika hali sawa na mjomba, wala na shabiki wa taarabu mwenye noti mkononi. Hapo anayepaswa kuweza kusema "la" ni yeye, na ni lazima mwalimu awe mlangoni, hata kama mlango wenyewe ni kiti tu kilichowekwa kizingitini.