Mwalimu wa Askari Ana Dhambi Gani?



Vijana wenzangu, kuna swali liliulizwa kwenye kipindi chetu cha maswali parokiani na mpaka leo halijanitoka kichwani. Mtu akimfundisha mwenzake kutumia silaha, halafu yule mwanafunzi akaenda kuwaumiza watu wasio na hatia, mwalimu naye ana dhambi? Mmoja wetu alijibu fasta: "Hana. Kwani mhunzi akiuza panga anaulizwa limekata nini?" Tukacheka, tukahamia swali lingine. Mimi naona tulikimbia mapema mno.

Hapa Tunduma jambo hili haliko mbali. Malori mengi yanayopanga foleni pale mpakani yanaelekea Kongo. Na kila mwaka vijana wa Songwe wanaingia JKT, wengine wakiwa na ndoto ya kuvaa gwanda la JWTZ na siku moja kwenda kulinda amani hukohuko Kongo. Basi tuanzie huko.

Februari 2010 Marekani ilianza kufundisha kikosi kipya cha jeshi la Kongo pale Kisangani, Batalioni ya 391 ya makomando, askari kama 750. Kilitakiwa kiwe kikosi cha mfano. Walifundishwa mbinu za kivita, mawasiliano na tiba ya majeruhi, na wakafundishwa pia kuheshimu haki za binadamu na kuzuia ukatili wa kingono. Ndiyo, somo hilo lilikuwemo.

Novemba 20, 2012, Goma ikaanguka mikononi mwa M23. Wanajeshi wa serikali wakarudi nyuma ovyo hadi Minova, mji mdogo kando ya Ziwa Kivu, na kati ya tarehe 20 na 30 wakapora na kubaka. Umoja wa Mataifa uliorodhesha waathirika 135 wa ukatili wa kingono: wanawake 102 na wasichana 33. Kati ya vikosi vilivyotajwa kulikuwa na kile cha 391. Mahakama ya kijeshi mjini Goma ilitoa hukumu Mei 2014. Washtakiwa walikuwa 39, na waliotiwa hatiani kwa ubakaji unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Sasa turudi kwa mhunzi wetu. Mfano wake unapotosha, kwa sababu mhunzi hamjui mteja. Mwalimu wa askari anamjua mwanafunzi wake kwa jina, anajua anakwenda kwa kamanda gani, anajua kama huko analipwa au halipwi. Mimi ningechukua mfano wa barabara yetu. Dereva anamfundisha utingo wake kuendesha semitrela, anamfundisha vizuri kabisa na alama zote za barabarani, kisha anampa funguo za gari asilolikagua breki na kumwambia ashuke mteremko wa Senjele. Likitokea la kutokea, utamsikia: "Mimi nilimfundisha!" Ni kweli alimfundisha. Lakini hayo siyo tunayomuuliza.

Katekisimu, namba 1868, inasema dhambi ni tendo la mtu binafsi, lakini tunabeba wajibu kwa dhambi za wengine tunaposhiriki: kwa kuagiza, kwa kusifu, kwa kuwalinda watenda maovu, na hata kwa kutozuia pale tulipokuwa na wajibu wa kuzuia. Hapo pa mwisho ndipo pananisumbua. Marekani ina sheria, inaitwa kwa jina la Seneta Patrick Leahy, inayokataza kusaidia vikosi vyenye ushahidi wa kuvunja vibaya haki za binadamu. Sheria nzuri. Ila inatazama nyuma, na kikosi kipya hakina nyuma. Cheti cha usafi ni rahisi kupata siku ya kwanza.

Kuna watakaosema dawa ni kuongeza vipindi vya maadili. Jenerali Carter Ham, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Marekani barani Afrika, alikiri Januari 2013 kwamba jeshi la Mali lilifundishwa sana mbinu na kidogo sana maadili. Sawa. Lakini batalioni ya 391 ilipewa hayo maadili, na Minova ikatokea.

Hebu soma Luka 3:14 taratibu. Askari wanamuuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini. Hawaambii waache jeshi. Anawakataza kuwanyang'anya watu na kuwasingizia, halafu anagusa mshahara! Yohane alijua askari anavyoishi. Jeshi la Kongo lina sifa ya mishahara kiduchu inayochelewa, na askari mwenye njaa na bunduki anajilipa kwa raia. Simtetei mbakaji, njaa haibaki mtu. Ninachosema ni kwamba anayefundisha jeshi bila kujali nani atalilisha, nani atalisimamia na nani atawaadhibu wakosaji, amefundisha nusu tu, tena ile nusu ya hatari.

Wala sisemi kufundisha askari wa nchi nyingine ni dhambi. Nchi yetu iliwapokea wapigania uhuru Kongwa, Nachingwea na Mgagao, na kusini mwa Afrika wanatukumbuka kwa hilo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 79, unamwita askari mwema mtumishi wa usalama na uhuru wa watu. Namba hiyohiyo inasema kutii amri bila kufikiri hakumpi mtu udhuru mbele ya uovu. Kijana unayejiandaa kwenda JKT, hiyo ya pili usiiruke.

Maana tusijidai Minova ni ya Wamarekani na Wakongo peke yao. Tangu 2013 wanajeshi wetu wako Kivu Kaskazini, na wamelipa kwa damu: Desemba 2017 zaidi ya kumi waliuawa Semuliki katika shambulio moja. Nao walifunzwa, nao wanajua kanuni za Umoja wa Mataifa dhidi ya unyonyaji wa kingono. Mwaka 2016 Umoja huo ulitangaza tuhuma za unyonyaji huo dhidi ya wanajeshi wa Tanzania katika kijiji cha Mavivi, karibu na Beni, zikihusu pia wasichana wadogo na madai ya watoto waliozaliwa. Ni tuhuma, siyo hukumu. Lakini kama ni kweli, watoto hao leo wana umri wa kuandaliwa kwa Komunyo ya Kwanza, na Kiswahili wanachoongea ni hikihiki chetu.