Je, Ni Halali Mtu Kuilaza Akili Yake?

Mkatekumeni anayejifunza amri ya tano ya Mungu hufundishwa kwamba ulevi ni dhambi, kwa sababu humnyang'anya mtu akili aliyopewa na Muumba wake. Lakini mkatekumeni wa Burungu, ambaye pengine amewahi kumchukua ndugu yake katika machela hadi hospitali ya Masisi apasuliwe, ana haki ya kuuliza: Je, daktari naye hakumnyang'anya ndugu yule akili? Alilala macho wazi, hakujua jina lake, akazinduka akisema maneno yasiyo na maana. Mwenye kulewa kanyanga huambiwa akaungame. Huyu wa sindano huambiwa amshukuru Mungu. Tofauti iko wapi? Swali hilo ni jema, wala halistahili kujibiwa kwa kukemewa.

Yafaa kwanza kuijua dawa yenyewe. Katika hospitali nyingi za mashambani barani Afrika, dawa ya upasuaji itumikayo sana huitwa ketamini. Iliundwa mwaka wa 1962 na Calvin Stevens, mwanakemia wa Marekani, kwa ajili ya kampuni ya Parke-Davis. Mwaka wa 1964 daktari Edward Domino na mwenzake waliijaribu mara ya kwanza katika wanadamu, nao walikuwa wafungwa wa gereza la Jackson, katika jimbo la Michigan. (Kama mfungwa aweza kweli kukubali jambo la namna hiyo kwa hiari yake, hilo ni swali jingine, tena zito.) Baadhi yao walieleza kwamba walijiona wakielea angani, wala hawakuihisi mikono na miguu yao. Mke wa Domino akashauri iitwe dawa yenye kutenganisha, kwa maana mtu halali usingizi wa kawaida, bali hutengwa na mwili wake na mambo yamzungukayo.

Kazi yake ni hii. Chembe za ubongo hupashana habari kwa vitu vidogo sana, na kimoja chao huitwa glutamati. Kila kimoja kina mlango wake wa kupokelewa. Ketamini huja ikauziba mlango mmoja wa glutamati, na habari za maumivu, za macho na za masikio hazifiki tena mahali zinapounganishwa na kueleweka. Ikidungwa katika mshipa wa damu, yote hayo hutukia kwa muda wa dakika moja hivi. Macho hubaki wazi, yakichezacheza. Moyo hupiga kwa nguvu zaidi. Na kwa kawaida pumzi haikatiki. Ndiyo sababu dawa hii imekuwa baraka mahali pasipo na umeme wa kutegemewa wala mashine za kupumulia. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa za lazima tangu mwaka wa 1985.

Basi, jibu haliwezi kuwa kwamba dawa ni mbaya, kwa maana ni ileile. Hata kupotewa na akili kwa saa moja si dhambi kwa kupotewa kwenyewe. Kila usiku mtu mwenye afya hulala na kupotewa nayo. Jambo la kupimwa ni hili: akili imewekwa kando kwa ajili ya nini, kwa kipimo gani, na nani anayeilinda hadi irudi. Mgonjwa wa Masisi aliikabidhi akili yake kwa mwenzake mwenye ujuzi, kama mtu akabidhivyo ng'ombe wake kwa mchungaji, ili mguu wake uokolewe. Daktari alipima uzito wake, akahesabu kipimo, muuguzi akakaa karibu akishika mapigo ya moyo. Mwenye kuitafuta dawa hiyohiyo kwa ajili ya anasa huitupa akili yake njiani na kwenda zake.

Wako Wakristu wema waliowahi kuwa na shaka hata juu ya sindano ya hospitali. Walikumbuka kwamba Bwana Yezu, alipofika Golgota, alipewa divai iliyochanganywa na manemane, naye akaikataa. Shaka hiyo ilifikishwa kwa Baba Mtakatifu Pio XII, naye alipozungumza na madaktari wa nusukaputi tarehe 24 Februari 1957 aliieleza waziwazi: Mkristu halazimiki kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe, na ni halali kuyaondoa, hata kwa kuilaza akili, pakiwapo sababu ya kutosha. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka wa 1992, yafundisha kwamba kutumia dawa za kulevya pasipo sababu ya tiba ni kosa zito.

Uzito huo si wa kutishia watoto. Mtu aliyetengwa na mwili wake hahisi moto unaomchoma wala baridi ya mto; huweza kufa maji mahali ambapo mtoto angevuka. Akichanganya dawa na pombe, pumzi iliyosalimika yaweza kukoma, au akasongwa na matapishi yake. Akizoea, mwili hudai kipimo kikubwa kuliko cha jana, na kumbukumbu hufifia. Tena liko jambo ambalo madaktari wa Toronto, nchini Kanada, walilitangaza mwaka wa 2007: dawa hii, ikitumiwa kila mara, hukichubua kibofu cha mkojo. Mtu huenda haja ndogo kila baada ya dakika chache, kwa uchungu na damu, na kibofu husinyaa.

Liko pia kosa la haki, ambalo husahauliwa mara nyingi. Kichupa kilichoibwa katika kabati ya zahanati ili kiuzwe mjini kimeondolewa kwa mama aliyeshindwa kujifungua usiku huo. Mwaka wa 2015, China, ikisumbuliwa na vijana waitumiao ketamini kwa anasa, iliomba iwekwe chini ya sheria kali za mataifa yote. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri isifanyike hivyo, wakisema kwamba wagonjwa wa nchi maskini wangekosa kupasuliwa. Hivyo anasa ya watu wa mbali ilikaribia kufunga vyumba vya upasuaji vya milimani.

Pingamizi lililo gumu kuliko yote ni la mwenye huzuni. Tangu Kitshanga ilipotekwa mwezi wa Januari 2023, na hata miaka mingi kabla yake, watu wa Burungu wamekimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Mtu aliyemzika mwanawe njiani aweza kusema: Maumivu ya mguu yana dawa, maumivu yangu je? Asijibiwe kwamba huzuni yake si kitu. Kweli, Marekani ilikubali mwaka wa 2019 dawa ya ukoo wa ketamini kwa wenye huzuni iliyoshindikana, lakini huitumia kliniki tu, mgonjwa akiangaliwa saa mbili baadaye, ili arudi kwa watu wake. Anywaye kanyanga au kumeza vidonge peke yake nyuma ya nyumba hutaka kinyume: asirudi. Naye hurudi, akiukuta msiba palepale, na mbuzi ameuzwa.

Wengine husema wameona nuru au wafu wao. Wagonjwa wa chumba cha upasuaji nao huona hayo, wakati mlango ule wa ubongo umezibwa, wala hakuna aitaye jambo hilo ufunuo. Siku ya ubatizo mkatekumeni huulizwa kama anamkataa shetani na kama anasadiki, naye hujibu kwa kinywa chake mwenyewe. Hapo mtu aliyetengwa na nafsi yake hana la kujibu.

Aliyekwisha kunaswa asijifiche. Kadiri mazoea yalivyoupunguza uhuru wake, hatia nayo yaweza kupungua mbele ya Mungu, ila wajibu wa kutafuta msaada unabaki. Na aende kituo cha afya, aseme ametumia nini na kwa muda gani, na kama anakojoa kwa uchungu. Kibofu kilichoanza kuumia mara nyingi hupata nafuu, mtu akiacha mapema.