Hafsa Aliazimisha, Mimi Nilifunga Kabati

  

 Wengi wenu mnajua kwamba muhula huu nimekabidhiwa maktaba ya shule moja kule Nakivale. Neno maktaba lisiwadanganye. Ni chumba kimoja, kabati mbili za chuma, na ufunguo uliokuja na onyo: "Hawa ni wakimbizi, leo wapo kesho hawapo. Ukiwapa kitabu, umekipoteza." Nikaamini. Wiki mbili nzima nilifuta vumbi, nikapanga, nikafunga.

Kisha mtoto mmoja wa Kikongo akasimama mlangoni akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao: "Mwalimu, bile bitabu ni ya nani?" Sikumjibu. Nilirudi Ruharo jioni hiyo na swali lake kifuani.

Sisi tumezoea kuhubiri Iqra. Kila mhadhara wa elimu huanza na aya za mwanzo za Suratul Alaq, kisha tunakunja mikeka. Leo tumtazame mtu tusiyemtaja sana. Baada ya vita vya Yamama, walipouawa mahafidhi wengi, Abubakar (r.a.) alimwagiza Zayd bin Thabit aikusanye Qur'ani. Kurasa zile zikakaa kwa Abubakar mpaka alipofariki, kisha kwa Umar, kisha kwa binti yake Hafsa, mama wa waumini. Huyu ni mwanamke aliyefundishwa kuandika na Shifa bint Abdullah. Watu walipoanza kutofautiana katika kisomo, Khalifa Uthman alimpelekea ujumbe: azitoe kurasa zinakiliwe, kisha atarudishiwa. Hafsa akazitoa. Nakala zikaandikwa, zikapelekwa miji ya mbali, na kurasa zikarudi kwake.

Hebu fikirini thamani ya kile alichokitoa mkononi mwake. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "zitapotea", ni yeye. Mimi nilikuwa nalinda vitabu vya hesabu vyenye nakala kumi kumi!

Tukiulizwa, tunasema tunalinda amana. Sawa, lakini mwenye amana ni nani? Vitabu vile vililetwa kwa ajili ya yule mtoto. Nikimfungia, ninamzuilia mali yake mwenyewe, na hilo nitaulizwa Siku ya Kiyama, si kuhusu kitabu kilicholowa mvua.

Na hilo neno la "kesho hawapo" nalo tulipime. Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, na wapo waliozaliwa pale ambao sasa wana watoto shuleni. Zaidi ya miaka 60! Halafu sisi, umma ambao masahaba wake walikimbilia Habasha, na Mtume wake (s.a.w.) alihama Makka, tumwambie mtoto asubiri mpaka apate kwao?

Tena yupo mtoto aliyefika darasa la tano kule Kivu. Hapa anarudishwa madarasa ya chini kwa sababu hajui Kiingereza. Akili yake haikurudi nyuma. Anahitaji kitabu cha Kiswahili aendelee kusoma wakati Kiingereza kinakuja. Baraza la Mawaziri mwaka 2022 lilipitisha Kiswahili kifundishwe shuleni nchini, lakini katika kabati zangu mbili vya Kiswahili havizidi vidole vya mikono.

Basi nimefungua. Nina daftari la kuandikia majina. Kitabu kinatoka Ijumaa, kinarudi Jumatatu. Viwili havijarudi, kimoja kimerudi na ugali. (Nimekipokea, na mwenye nacho amepewa kingine.) Bado uongozi wa shule haujaridhika, na wiki ijayo nimeitwa nijieleze. Nitasimama na daftari langu, inshallah. Ningefurahi wawili watatu kati yenu wakija tuzungumze pamoja, kwani sauti ya mgeni mmoja ni ndogo.

Ijumaa hii baada ya sala nitakaa mlangoni na boksi. Leteni vitabu vya Kiswahili, hata vilivyochanika, na mifuko ya plastiki ya kuvifunikia, maana mvua za huku mnazijua. Wabillahi tawfiq.