Kutawakali na Kubahatisha: Juu ya Kuacha Ajira kwa Ajili ya Foreksi

Mtu anayefikiria kuacha kazi ya mshahara ili aishi kwa biashara ya kutwa, yaani kununua na kuuza fedha za kigeni (foreksi), hisa au mikataba ya bei ndani ya siku hiyo hiyo kwa kutegemea bei ipande au ishuke, kwa kawaida hujiuliza maswali mawili: la hesabu, kama faida itatosha matumizi, na la fiqhi, kama chumo hilo ni halali. Lipo swali la tatu ambalo huulizwa kwa nadra, ingawa ndilo linaloyabeba hayo mawili, nalo ni kama anayeiacha njia ya riziki inayojulikana na kushika isiyojulikana, huku akisema kwamba mtoaji wa riziki ni Mungu, huwa kweli anatawakali, yaani anamtegemea Mungu, au anabahatisha tu kwa lugha ya ibada.

Upande wa fiqhi unaweza kupitiwa kwa haraka. Kubadilishana sarafu kwa sarafu, ambako wanazuoni hukuita sarfu, kunataka pande mbili zikabidhiane papo hapo, na faida yoyote inayotozwa kwa sababu ya kuchelewesha huhesabiwa kuwa riba. Kwa hiyo madalali wengi hutoa kile wanachokiita akaunti ya Kiislamu, ambamo ile tozo ya kuacha biashara ilale usiku haimo. Hata hivyo Baraza la Fiqhi la Rabita, yaani Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Makka mwaka 2006, liliikataa biashara inayofanywa kwa mkopo wa dalali, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba dalali hukopesha kwa sharti la kufanyiwa biashara kupitia kwake, na kwa njia hiyo mkopo humletea mkopeshaji manufaa. Kwa anayeukubali uamuzi huo, sehemu kubwa ya foreksi ya mtandaoni imekwisha kutoka mezani. Anayebaki ni yule anayenunua na kuuza hisa za kampuni halali kwa fedha zake mwenyewe, na kwake swali la tatu bado ni zima.

Katika sehemu ya kitabu chake Ihyaa inayohusu tauhidi na kutawakali, mwanazuoni Abu Hamid al-Ghazali aligawa sababu, yaani njia ambazo kwazo manufaa humfikia mja, katika daraja tatu. Ya kwanza ni ya yakini, kama kuunyoosha mkono kukichukua chakula kilicho mbele. Anayekaa akisubiri chakula kiingie kinywani chenyewe hatawakali, bali amepungukiwa na akili. Ya pili ni ya dhana yenye nguvu, kama msafiri wa jangwani kubeba masurufu, jambo ambalo kuliacha kunawezekana kwa wachache waliozoea njaa na upweke, lakini kulifanya hakupunguzi imani ya mtu. Ya tatu ni ya kuwazia tu, ambamo mtu hujitosa katika hila na mipango ya ndani mno ya kuchuma bila kuwa na hakika kwamba itamfikisha popote, na hii ndiyo inayomtoa mtu katika kutawakali kabisa. Mpangilio huu unashangaza, kwa kuwa msomaji wa kawaida angetarajia kwamba kuzishika sababu ndiko kunakopingana na kumtegemea Mungu, ilhali kwa Ghazali kinachopingana nako zaidi ni kuutegemea werevu.

Kazi ya mshahara, pamoja na udhaifu wake wote, huangukia daraja ya pili. Biashara ya kutwa huangukia wapi? Takwimu huielekeza kwenye ya tatu. Watafiti watatu wa Brazil, Chague, De-Losso na Giovannetti, waliwafuatilia watu walioanza biashara hiyo kati ya 2013 na 2015 katika soko la mikataba ya hisa, na wakakuta kwamba kati ya walioendelea kwa zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipata hasara, na asilimia 1.1 tu ndio waliopata zaidi ya kima cha chini cha mshahara wa nchi hiyo. Mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu binafsi katika mikataba ya tofauti ya bei hupoteza fedha, ikaweka kikomo cha mkopo kuwa mara 30 ya mtaji kwa sarafu kuu. Pale mkopo unapofika mara 100, bei ikienda kinyume kwa asilimia moja tu, mtaji wote umekwisha. Wafanyabiashara wenyewe husema akaunti imeungua.

Pingamizi lenye nguvu ni kwamba mkulima na mvuvi pia hawana hakika, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanacheza kamari. Pingamizi hili lazima likubaliwe kwa nusu, kwa sababu kutokuwa na hakika si dosari kwenyewe, na biashara yote ya majahazi ilisimama juu yake. Tofauti iko katika chanzo cha faida. Samaki anayevuliwa hakutolewa mfukoni mwa mvuvi mwingine, na mazao huongezeka ardhini hata kama bei yake itashuka, ilhali katika mikataba ya bei ya muda mfupi anachopata mmoja ndicho anachopoteza mwingine, na dalali hukata chake kwa wote wawili. Katika hisa hali ni nafuu kidogo, kwani kampuni huzalisha, lakini anayezishika kwa saa mbili hangojei uzalishaji wowote.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni kwamba kuacha kazi hubadilisha biashara yenyewe. Mwenye mshahara anaweza kukaa wiki nzima bila kununua chochote iwapo soko halimpi sababu, lakini anayetakiwa kulipa kodi ya nyumba mwisho wa mwezi hulazimika kuingia sokoni hata siku ambayo hekima yake inamkataza, na hapo uamuzi wake huongozwa na haja badala ya bei. Mtu yule yule, kwa ujuzi ule ule, huwa ameshuka daraja kwa kuandika barua ya kujiuzulu.

Ghazali mwenyewe aliacha kazi. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu wa chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, cheo ambacho wanazuoni wa zama zake walikitamani, na katika kitabu alichosimulia safari yake ya kiroho anaeleza kwamba alisitasita kwa karibu miezi sita kabla ya kuondoka. Aliondoka kwa kuwa aliona kazi hiyo, ambayo nia yake ndani yake ilikuwa jaha na sifa, inamharibu. Aligawa mali yake, ila alibakiza kiasi cha kumtosha yeye na cha kuwalisha watoto. Kwa hiyo hawezi kufanywa shahidi wa kwamba ajira ni takatifu. Wapo ambao kazi zao zinawadhalilisha, na sababu yao ya kuondoka ni ya kweli. Ila sababu ya kuondoka haijawa bado sababu ya kuingia sokoni, na wengi huzichanganya hizo mbili kwa kuwa huzaliwa siku moja.

Hicho kiasi cha watoto ndicho kinachoamua. Ghazali anamtofautisha mwenye familia na asiye nayo: mtu anaweza kuilazimisha nafsi yake kuvumilia njaa, lakini hana haki ya kuwalazimisha wanaomtegemea, hata kama kutawakali kwake ni kwa kweli, kwa sababu subira ya mtu haihamishiki kwa amri kwenda tumboni mwa mwanawe. Anayeacha kazi akiwa ametenga chakula, ada za shule na kodi ya muda unaojulikana, katika fedha ambazo hazitaguswa siku akaunti itakapoungua, anaihatarisha nafsi yake tu, na hapo anaweza kujadiliana na hesabu na fiqhi. Asiyetenga ameweka sokoni kitu ambacho si chake.