Macho ya Bula Matari na Macho ya Mungu



Juma hili tusome Danieli sura ya 6. Wakubwa wa inchi walimchunguza Danieli wapate kosa la kumshitaki kwa mfalme. Walikosa. Basi wakageuza maombi yake kuwa kosa.

Jambo kama hili lilifanyika katika inchi yetu. Mwaka 1921, kule Nkamba katika Kongo ya Chini, Simon Kimbangu, aliyebatizwa na Wabatisti, alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa. Alikataza uchawi na kuoa wake wengi. Hakushika silaha. Lakini watu waliacha kazi za Wazungu wakamfuata, na Bula Matari ikaogopa. Mwezi wa Mei, msimamizi wa teritori, Léon Morel, alikwenda Nkamba kumwangalia, kisha akawaandikia wakubwa wake.

Na wamisionari je? Hawakuwa na umoja. Mapadri waliona waamini wao wanakimbilia Nkamba, wakasema Waprotestanti ndio wanachochea, wakaomba serikali ikomeshe mambo hayo. Wivu wa dini na dini ukawa kuni za moto wa serikali.

Mwezi wa Juni askari walikuja, akawaponyoka. Mwezi wa Septemba alirudi Nkamba mwenyewe, akakamatwa bila kupigana. Tarehe 3 Oktoba 1921, baraza la kijeshi huko Thysville lilimhukumu viboko na kifo. Mfalme Albert aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Ndipo akaletwa huku kwetu Katanga, katika buloko ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akafia humo tarehe 12 Oktoba 1951. Alihubiri miezi michache. Alifungwa miaka 30. Lakini mke wake, Marie Muilu, aliwachunga waamini kwa siri, na mwaka 1959 serikali ileile ya Wabeleji ililikubali kanisa lile.

Wandugu, Bula Matari haikuwa na macho katika kila nyumba. Iliazima macho ya watu. Hapa Kolwezi, mwaka 1993, majirani wetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Wengi wetu tulikuwa watoto, lakini tunakumbuka. Mgeni hajui mlango wa nani ni upi. Jirani ndiye anayejua.

Nasi tunaungama. Kikundi kidogo cha maombi kilifunguliwa karibu nasi, na waamini wetu wengine wakahamia huko. Sisi mashemasi tuliandika barua ya kupeleka ofisini, kusema kwamba kiongozi wao ni mchochezi. Hatukuwa na ushuhuda. Tulikuwa na wivu tu. Kabla ya kuipeleka tulisali, tukaipasua.

Ndugu akikosa, tumwendee yeye mwenyewe kwanza. Akitutangulia katika kazi ya Mungu, tushukuru. Tusiyaazimishe macho yetu. Mungu anatuona sisi pia.

Bwana awalinde. Amina.