Njia ya Jangwa Ina Watu

Somo la wiki: Matendo ya Mitume 8:26-40



Filipo alikuwa Samaria na kazi ilikuwa imeshamiri. Wagonjwa walipona, waliofungwa na pepo walifunguliwa, mji mzima ukajaa furaha. Mchungaji yeyote wa Thika au Ruiru angemsihi abaki pale pale, mavuno yasipotee. Lakini malaika wa Bwana akamtuma kwenye barabara iteremkayo Gaza, barabara ya jangwa. Akaondoka mara moja. Huko hakukuta mkutano. Alimkuta Mwethiopia mmoja ameketi garini mwake, anasoma chuo cha Isaya.

Somo hili limenikaa moyoni kwa sababu ya hesabu moja. Katika sensa ya 2019, mji wa Ruiru peke yake ulikuwa na watu zaidi ya 490,000. Kaunti nzima ya Marsabit, ambayo ingemeza Kiambu yetu zaidi ya mara ishirini, ilikuwa na watu wapatao 460,000. Sisi tumebanana, wao wametawanyika. Mama wa Ruiru akishikwa na uchungu usiku, gari litamfikisha hospitali kabla ya mapambazuko. Mama wa Kigabra kule Dukana, au wa Kidaasanach kule Illeret, ana siku ya safari mbele yake, na mvua ikinyesha laga, yaani mito ya msimu, hufurika, lori likakwama mchangani. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale imekuwa baraka kubwa, ila ni mstari mmoja tu katika nchi pana. Aliye mbali nayo bado yuko mbali.

Ndiyo maana nawaombea wanaoruka kwenda huko. Kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ndege ndogo za mashirika ya kimisheni kama Mission Aviation Fellowship na AIM AIR huelekea kaskazini, nyakati nyingine zikiwa na injini moja tu. Shirika la afya la AMREF nalo, lililoanzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, lilijengwa juu ya wazo hilo hilo: kama mgonjwa hawezi kumfikia daktari, daktari apande ndege amfuate.

Tazama ndege hizo zinavyopakiwa. Kila kitu hupitia mizani: katoni ya chanjo, magunia ya unga, vitabu vya shule, na abiria mwenyewe na begi lake. Rubani hujumlisha kilo moja moja, kwa maana kule aendako hakuna lami ndefu ya kutulia. Akifika, mara nyingi hupita kwanza chini chini juu ya kiwanja cha changarawe, watu wawafukuze mbuzi na ngamia, ndipo ageuke na kutua. Kwa jicho la mfanyabiashara, safari hiyo haina faida: mafuta ni mengi, abiria ni wachache, na pengine viti vinarudi vitupu. Kwa jicho la Mungu aliyemtoa Filipo penye umati akampeleka kwa mtu mmoja, safari hiyo ina maana kamili. Upendo ukingoja abiria wajae, hautaondoka kamwe.

Lakini tusisome haraka tukajiona sisi ndio Filipo mwenye kila kitu. Yule Mwethiopia alikuwa ameshaanza kusoma. Alikuwa ametoka kuabudu. Yeye ndiye aliyemkaribisha Filipo apande, na Filipo akaketi kama mgeni katika gari la mwenzake, akasikiliza swali kabla ya kujibu. Watu wa kaskazini si watu wa kuhurumiwa tu. Wana imani, wana wazee wa busara, wana watu waliotoa uhai wao. Aprili 2006, baada ya mauaji ya mwaka uliotangulia katika kijiji cha Turbi, kule Marsabit, ndege ya jeshi iliwabeba wabunge na viongozi wengine kwenda Marsabit kutafuta amani. Ilianguka karibu na Marsabit, watu 14 wakafa. Mmoja wao alikuwa Askofu William Waqo wa Kanisa la Anglikana, aliyehudumu huko. Alikufa akiwa njiani kupatanisha jirani na jirani. Kanisa lenye mtu kama huyo lina mengi ya kutufundisha.

Basi wiki hii nawaomba mambo mawili. La kwanza ni la mfuko. Tumefanya harambee za vigae, za spika, za viti vipya, na Mungu ametubariki. Kila kikundi cha nyumbani sasa kijiulize kama kinaweza kulipa nauli ya mwinjilisti au muuguzi mmoja kwenda kaskazini, na kurudia mwaka ujao. La pili halihitaji ndege. Barabara ya Garissa inaanzia hapa Thika, na vijana wa Kiborana, wa Kirendile na wa Kisomali wanasoma katika vyuo vyetu na kupanga vyumba katika mitaa yetu. Wengine ni Wakristo, wengine ni Waislamu, wote ni wageni wetu. Mwalike mmoja mezani kwako. Muulize habari za kwao, umsikilize mpaka amalize.

Tuombe.

Bwana, uwalinde marubani na mafundi wa ndege, wauguzi na wahubiri walioko kaskazini. Uwape mvua ya kiasi wafugaji wa Marsabit, Turkana, Samburu na Mandera, na amani kati yao. Utuondolee uvivu wa kupenda walio karibu tu. Ukitutuma mahali penye watu wachache, utupe utiifu wa Filipo, tuondoke bila kuuliza tutapata nini. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.