Kigumba cha Jiwe ni cha Nani?

Mtu atembeaye nyikani akaona jiwe dogo lenye ncha na makali, huinama kabla hajafikiri. Mkono hutangulia, akili hufuata. Jiwe likishatiwa mfukoni ndipo swali huja: je, ni lake?

Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete karibu na Nairobi mwaka 1903, alisoma utotoni kitabu juu ya watu wa kale waliotumia vigumba vya mawe. Akatoka kuvitafuta. Gumegume la Ulaya hakuliona. Aliona vipande vya kioo cheusi cha volkano. Arthur Loveridge, mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, akathibitisha kuwa baadhi yake vilichongwa na watu.

Wakikuyu walikwisha kuviita nyembe za mizimu, ziletwazo na mvua. Ni rahisi kucheka, lakini si haki. Mvua huosha udongo, na kilichofichika hufichuka. Na aliyesema wembe alikwisha kukiri kuwa yuko aliyeunoa. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Husemwa kuwa mwenye kuokota ndiye mwenyewe, kwa kuwa mchongaji amekufa na mrithi wake hajulikani. Hoja hii ina nguvu juu ya jiwe, haina nguvu juu ya habari ya jiwe. Kioo hicho cheusi asili yake ni Bonde la Ufa, pande za Naivasha na Eburru. Kikionekana Kabete, basi yuko aliyekipandisha bondeni, au aliyekibadilisha kwa kitu kingine. Habari hiyo haimo katika jiwe peke yake, wala katika mahali peke yake. Imo katika kukutana kwa viwili hivyo. Alihamishaye jiwe bila kuandika mahali pake hubaki na jiwe, akaiua habari. Jiwe la namna hiyo kabatini ni shahidi aliyekatwa ulimi.

Lakini kuliacha nako si wema siku zote. Kwato hulivunja, jembe huligeuza, mafuriko hulichukua. Asiyegusa kitu aweza kujiona mwaminifu, kumbe ni mvivu tu. Sheria nayo imesema: nchini Kenya, sheria ya mwaka 2006 imeyafanya mambo ya kale yaliyo ardhini kuwa mali ya serikali. Hata hivyo sheria haina macho nyikani. Huko mtu huwa peke yake na dhamiri yake.

Basi mwenye kuona si mmiliki, wala si lazima awe mwizi. Ni mwekewa amana. Furaha ya kuona ni yake, na hapana awezaye kumnyang'anya. Jiwe ni la waliokufa, walioliacha, na la watakaozaliwa, watakaouliza. Wajibu wake ni mdogo, nao ni mzito: asilitie mfukoni kwanza, atazame alipo, aandike, apeleke habari makumbusho. Aliyelichonga hakuacha jina. Aliacha jiwe na mahali, na hayo mawili ndiyo wasia wake wote.